Jawabu la Tatu la Mama Bénit

Mimi Jalia sina subira. Nasema mapema usije ukanishangaa mbele ya safari. Mume wangu Ashiraf, anayepeleka maharagwe Kasese kwa Fuso, husema hasira zangu zingekuwa mzigo, matairi yangepasuka hapahapa Bwera kabla hajatia gia ya pili. Mwache aseme. Mtu anafundisha kemia juu ya beseni la dagaa, wateja wanagonga meza, na mwanafunzi mwenyewe ana miaka thelathini na mitano na haambiliki. Subira ataitoa wapi?

Mwanafunzi huyo ni Wivine, Mama Bénit, jirani yangu wa meza sokoni. Mimi nauza dagaa na chumvi, yeye anauza mawese na unga wa muhogo. Ni mtu wa Butembo, Kongo. Alivuka mpaka na watoto watatu na godoro moja, bila hata karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kusoma. Kule kwao alisaidia wanawake kujifungua kwenye zahanati ya masista, miaka tisa. Huku kwetu bila cheti haruhusiwi kitu. Mwaka jana mwanamke alishikwa na uchungu nyuma ya vibanda vya nguo. Wivine akanawa mikono, akapiga magoti, na msichana mmoja mwenye sare ya uuguzi, aliyeajiriwa juzi tu, akamwambia atoke hapo. Akatoka. Akarudi kwenye meza yake akampimia mteja unga huku machozi yanamdondoka. Mimi ndiye niliyetukana siku ile, mpaka askari wa soko akaja kuuliza kuna nini.

Basi tukasikia kwamba kuna shule ya wakunga Kasese, upande wa Nyamwamba, inayopokea watu waliopoteza vyeti vyao vitani. Sharti lao ni moja: ufanye mtihani wa kemia ya nadharia upate nusu ya maksi kwenda juu. Na mwisho wa umri ni thelathini na mitano. Mtihani ni mwezi wa kumi na moja, na Wivine alikuwa anatimiza thelathini na sita mwezi wa pili. Maana yake ni mara moja tu. Akianguka, ni mawese mpaka uzeeni.

"Mama Sumayah," akaniambia, maana Sumayah ndiye kifungua mimba wangu, "weye ulisoma kemia. Unifundishe."

Nilisoma, ndiyo. Mpaka Senior Six, kidato cha mwisho, na kemia nilifaulu vizuri, muulize yeyote. Miaka kumi na saba imepita, lakini kichwa changu si gunia bovu. Ashiraf akatuletea kutoka Kasese kitabu cha maswali ya mitihani ya zamani. Nikanakili maswali kwenye karatasi zangu, kitabu nikamwachia Wivine akisome kwake. Mimi cha nini? Majibu ninayo kichwani. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, kemia yake Wivine aliisoma kwa Kifaransa, na ugomvi wetu tukaufanya kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza nikaanza na rahisi.

"Taja njia mbili za kuzuia chuma kisishike kutu."

"Kupaka rangi," akasema. "Kupaka mafuta."

Nikashika kalamu nimpe vema zake mbili.

"Na kutoazimisha majirani."

"Nini?"

"Panga yangu ilizunguka kwa majirani bote, Mama Sumayah. Ilirudi na kutu sawa vile ilitoka mu mutoni."

"Nimekuuliza njia mbili!"

"Ya tatu iko matabishi," akasema, na akatabasamu kama mtu aliyekufanyia wema.

Hapo ndipo nilipojua tumeingia matatani. Sokoni kwetu hakuna anayeuza kipimo kitupu. Ukinunua kikombe cha dagaa nakuongezea kiganja. Ndiyo nyongeza, na Wakongo wanaiita matabishi. Lakini ya Wivine si nyongeza ya kawaida. Watu wanashuka milima ya Kyarumba na madumu kichwani, wanapita meza nne za mawese bila hata kugeuza shingo, wote wanafuata kile kijiko chake cha mwisho, ambacho huwa ni viwili. Kwake yeye kumpa mtu kile alichoomba tu ni kumtukana.

"Mama Bénit, nisikilize. Mtahini si mteja. Akikuomba mbili ukampa tatu, na ile ya tatu ni ya uongo, anafuta moja ya zile za kweli. Umetoa tatu, umebaki na moja."

Wivine akakifuta kijiko chake cha mawese.

"Huyo mutu," akauliza kwa huruma kabisa, "walimulea wapi?"

Tukaendelea. Kwa nini sodiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa, toa sababu moja. Isiguse hewa wala maji, akajibu, safi kabisa, na harufu ya mafuta ya taa inafukuza panya. Kwa nini sabuni haitoi povu haraka kwenye maji magumu, toa sababu moja. Akanitajia kalisi na magnesi bila kusita, nikafurahi, halafu akaongeza kwamba pengine sabuni yenyewe ilinunuliwa kwa Consolée. Consolée ndiye mwenye ile meza ya nne ya mawese, na sabuni anauza pia. Mambo yao hayo, mimi simo. Lakini kwenye mtihani yanamhusu nani?

Wiki ya pili tukapiga hesabu. Maswali kumi nilimuuliza, na yote kumi aliyajua. Kwa sababu ya yale majawabu yake ya tatu, akabaki na maksi za maswali manne. Nilitaka kulia. Mtu anajua kemia kuliko watoto wenye sare na soksi, na ataanguka kwa ukarimu!

"Kuanzia kesho," nikamwambia, "hapa mezani hutoi nyongeza kwa mtu yeyote."

"Yesu Maria! Kwa batu wangu?"

"Kwa watu wako. Mkono ukizoea kusimama, na mdomo utasimama. Mpaka siku ya mtihani."

Alikataa. Tukanuniana siku nzima, meza kwa meza, kila mtu anaangalia kwake. Jioni wakati wa kufunga akaniambia, "Sawa. Lakini mimi sitabaeleza. Weye utabaeleza."

Mteja wa kwanza kesho yake akawa mzee Asanasio, mkulima wa kahawa wa Kyarumba, mtu wa heshima zake. Akaweka dumu lake chini, wakajuliana hali, Wivine akapima. Mafuta yakafika kwenye mstari. Wivine akasimamisha mkono.

Mzee akangoja. Akatazama dumu, akamtazama Wivine, akalitazama dumu tena.

"Mama, umesahau."

"Sikusahau, muzee."

"Nimekukosea nini?"

"Hapana kitu, muzee."

"Ni mke wangu? Amesema neno?"

Wivine akanigeukia. Nikamweleza mzee habari ya mtihani, ya mtahini, ya maksi zinazofutwa, na nikamweleza vizuri tu, ingawa watu wanasema nilipiga kelele. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huyo mtahini," akasema, "yuko Kasese."

"Ndiyo, mzee."

"Na mafuta yangu yako hapa."

"Mzee, chukua dumu lako uende, mtu anasoma!"

Akaenda, lakini hakwenda mbali. Alikwenda kwa Consolée, ambaye siku hiyohiyo, bila aibu, alianza kutoa vijiko vitatu. Mpaka mwisho wa wiki foleni nzima ilikuwa imehamia kwake. Wivine anakaa na mapipa yake yamejaa, mikono mapajani, na kila ninapomuuliza swali ananijibu kwa sauti ya mgonjwa. Lakini anajibu mbili! Nikimuuliza mbili, anatoa mbili, anafunga mdomo. Nikimuuliza moja, anatoa moja, anameza mate.

Wateja walipojua kwamba si uchoyo, ni masomo, walirudi. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana walirudi kumsaidia. Banange, msaada gani ule! Nikiuliza swali, wanajipanga mbele ya meza. Wivine akitoa majawabu yake mawili, wote wanapaza sauti: "Ongeza! Ongeza, mama!" Wanampima kama atastahimili. Yeye anajiziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. Mbaya kuliko wote alikuwa mzee Asanasio. Hapigi kelele yule. Anasimama tu mbele, amenyoosha dumu lake, anamtazama kwa masikitiko. Siku moja Wivine alishindwa, akaropoka matumizi ya tatu ya klorini, na soko lote likazomea.

"Ya tatu ilikuwa ya kweli!" akalia.

"Haidhuru!" nikamwambia. "Funga!"

Zikabaki siku tano. Nikamuuliza hili hapa, nalikumbuka neno kwa neno, na utaona kwa nini. Umeyeyusha chumvi ya zinki kwenye maji. Unaidondoshea sodiamu hidroksaidi, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, tone kwa tone mpaka izidi. Eleza unachoona.

"Kunatokea kitu kyeupe," akasema Wivine. "Kinatuama chini."

"Vizuri sana."

"Na kisha, ukiongeza..."

"Kisha nini?" Nikapiga meza, dagaa wakaruka. "Kisha hakuna kisha! Tumekaa wiki sita hapa unaniambia ukiongeza? Cheupe, kimetuama, nukta!"

"Lakini swali linasema mpaka izidi, Mama Sumayah."

"Hata ukimwaga dumu zima la mzee Asanasio, cheupe ni cheupe! Sema."

Alinitazama. Kisha akasema, kwa adabu, "Kyeupe, kimetuama, nukta." Nikamwambia arudie mara tatu, na watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Siku ya mtihani Ashiraf alitubeba kwenye Fuso, mbele, watatu, Wivine katikati na kalamu nne mkononi. Alipoingia kwenye chumba mimi nikabaki barazani na Ashiraf, tunakula chapati. Saa mbili za mtihani. Hakuna aliyenisumbua, na mimi sikumsumbua mtu, mpaka ilipopita saa moja na nusu.

Hapo akatoka msichana mmoja, Kemigisha, amemaliza mapema, karatasi ya maswali mkononi. Kaka yake alikuwa anamngoja kando yetu. Anaitwa Muhwezi, mwalimu wa kemia, mtu mpole wa miwani. Wakaanza kupitia karatasi swali kwa swali. Sikuwa na nia ya kusikiliza, lakini masikio ni yangu.

"Namba tisa," akasema Muhwezi. "Zinki. Uliandika nini?"

"Cheupe kinatuama, halafu ukizidisha kinayeyuka, maji yanabaki maangavu."

"Vizuri. Maksi zote kumi na mbili hizo."

"Hakiyeyuki!" nikasema.

Wakageuka. Ashiraf akaacha kutafuna.

"Kinayeyuka, mama," akasema Muhwezi.

"Hakiyeyuki! Mwalimu, wewe kemia umeisomea wapi? Cheupe ni cheupe, hata ukizidisha!"

"Hiyo ni magnesi, mama. Magnesi haiyeyuki. Zinki inayeyuka." Hakupandisha sauti hata kidogo, na hiyo ilinikera zaidi. Akafungua mkoba, akatoa kitabu, akanionyesha kwa kidole.

Nikasoma. Nikasoma tena. Kumbe kwa miaka kumi na saba nilichanganya zinki na magnesi, na kwa sauti kubwa.

Nilikaa chini kwenye sementi. Niliogopa, sifichi. Maksi kumi na mbili! Na kama nimekosea zinki, nimekosea nini kingine? Wiki sita nilimfundisha kutoka kichwani, sikuhakikisha kwenye kitabu hata siku moja, na kila alipotaka kusema neno nilipiga meza. Nilimwona kichwani yule msichana wa sare akimwambia Wivine atoke hapo, nikaona kwamba mimi nimefanya lilelile, ila mimi nilimtoa kwa maisha yake yote. Ashiraf akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia anyamaze. Halafu nikamwambia anisamehe, na hapo ndipo alipoogopa naye.

Wivine akatoka na wa mwisho, wino kwenye vidole, anatabasamu. Sikungoja salamu.

"Mama Bénit, nimekuharibia. Namba tisa. Kinayeyuka. Nilikudanganya, kinayeyuka, na nilikulazimisha useme, na mara yenyewe ni moja, na ni mimi, wallahi ni mimi na mdomo wangu."

"Namba tisa?" akasema Wivine. "Niliandika kinayeyuka."

Nikamvuta kando.

"Si nilikufundisha nukta?"

"Weye ulinifundisha nukta."

"Sasa?"

"Kitabu kilikuwa kwangu, Mama Sumayah. Majibu iko kule nyuma. Kila siku nikifika nyumbani minaangalia."

"Na sokoni, siku zile zote, mbona ulikuwa unanijibu nukta?"

"Ju ulikuwa unaipenda."

Ashiraf akaegemea nguzo, mabega yanamtikisika. Nitamshughulikia baadaye, nikajisemea.

"Nimekosea mara ngapi?" nikamuuliza.

Wivine akatazama juu, akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Vikaisha. Akaanza mkono wa kulia, nikamwambia basi, inatosha.

"Na hukuniambia hata moja! Kwa nini?"

Akanishika mkono. Wivine hanishikishiki mikono, si tabia yake.

"Siku ya kwanza kabisa nilitaka kukuambia. Nikakuangalia. Nikajisemea, nikimukosoa huyu mwanamuke, atakasirika, atafunga masomo, na miye niko na mara moja tu. Mwalimu wa kukosea, ninaweza kumurekebisha mu kitabu. Mwalimu wa kuondoka, nitamurekebisha na nini?"

Tulirudi Bwera mimi nimetazama dirishani njia nzima.

Matokeo yalibandikwa ukutani baada ya wiki tatu. Wivine alipata sabini na moja. Alipiga yowe likasikika mpaka barabarani, akamkumbatia mlinzi wa geti, akanikumbatia mimi, akamkumbatia na Muhwezi aliyekuja kumwangalizia dada yake. Mwezi wa kwanza akaanza masomo, mawese akamwachia binamu yake. Siku ya kwanza ya likizo akaja sokoni na sare yake, makusudi kabisa, akapita mbele ya vibanda vya nguo polepole.

Kisha akaja kwangu, akavuta kigoda, akaniwekea madaftari yake juu ya meza.

"Tuko na mtihani tukirudi, Mama Sumayah. Uniulize."

"Mimi? Si unajua makosa yangu yote? Mtafute mwalimu Muhwezi."

"Muhwezi hanipigii meza. Uniulize weye."

Nikafungua daftari. Nikachagua swali la damu, ni madini gani yanayohitajika mwilini kuitengeneza na kazi yake ni nini, nikamuuliza. Akajibu. Nikamwambia umekosea.

"Hapana," akasema Wivine, ananitazama machoni. "Mama Sumayah, umekosea weye."

Watu wawili watatu wakageuka. Mteja wangu wa dagaa akasogea nyuma hatua moja. Mkono wangu ukainuka wenyewe juu ya meza.

Nikaushusha taratibu.

"Haya," nikasema. "Nionyeshe wapi."